Kuipeleka familia Uingereza kuangalia mpira: hatua kwa hatua

Ligi ikianza tu, maswali huwa ni yale yale. Tiketi ya Arsenal inanunuliwa wapi? Mtoto wa miaka mitano naye anahitaji viza? Tuanze na viza au tiketi? Kuna jamaa ana tiketi anaziuza WhatsApp, nimtumie hela? (Usimtumie.) Basi nimeona niyaweke majibu yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa baba au mama wa Dar, Mombasa, Kampala au Kigali ambaye nyumba nzima ni mashabiki wa Ligi Kuu ya Uingereza, wanagombania rimoti kila Jumamosi, na sasa amejipanga kuwapeleka wakaone kwa macho. Kama unasafiri peke yako mambo ni mepesi zaidi. Ugumu unaanza pale unapotaka viti vinne vinavyofuatana, na mmoja wa wanaokaa ana miaka sita.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Pasipoti ya kila mtu, hata mtoto mchanga.
- Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa kama kipo. Hati iliyo kwa Kiswahili pekee itafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri anayeweka jina lake, sahihi na tarehe.
- Kadi ya benki ya Visa au Mastercard inayokubali malipo ya nje. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inaweza kulipia uanachama wa klabu, lakini kule mkononi utahitaji kadi halisi.
- Taarifa ya akaunti ya benki ya miezi sita, yenye mzunguko wa kawaida.
- Barua pepe moja utakayoitumia kwa kila kitu. Usifungue mpya kila hatua, utapotea.
- Muda. Miezi sita inatosha. Miezi miwili ni kujitesa.

Hatua ya 1: Linganisha likizo ya shule na ratiba ya ligi

Hapa ndipo wengi wanapokwama hata kabla ya kutoka nyumbani. Likizo ndefu ya katikati ya mwaka Tanzania inaangukia Juni, na Juni hakuna ligi Uingereza. Msimu unaanza Agosti na kuisha Mei. Ukienda Juni utazunguka uwanjani na muongozaji, utapiga picha na viti vitupu, urudi.

Kwa familia yenye wanafunzi, dirisha zuri ni Desemba. Mechi ni nyingi mno kipindi hicho kwa sababu Waingereza hawasimamishi ligi sikukuu ikifika. Ila jua mawili. Tarehe 25 treni hazitembei, za chini ya ardhi jijini London nazo hazitembei, na tarehe 26 usafiri wa treni bado ni wa kubahatisha. La pili ni giza: London mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Wakenya wana nafasi zaidi, kwa kuwa likizo yao ndefu huanza mapema na ile ya Aprili inaangukia mwishoni mwa msimu, mechi zinapokuwa za moto.

Kagua pia wiki za timu za taifa. Kwa kawaida Septemba, Oktoba, Novemba na Machi ligi inasimama. Kuna watu wamefika London wikiendi ya namna hiyo wakabaki kuangalia njiwa.

Hatua ya 2: Chagua mechi mnayoweza kuipata

Nitasema wazi, na najua wengine watanuna: safari ya kwanza ya familia isiwe Arsenal na Tottenham, wala Liverpool na Manchester United. Mechi hizo zina wanachama wa miaka mingi wanaozililia, viti vinne vya pamoja ni ndoto, na hewa ya uwanjani si ya mtoto mdogo. Chagua timu yenu ikicheza nyumbani na timu ya katikati au ya mkiani mwa msimamo. Uwanja ni ule ule, wachezaji ni wale wale, na uwezekano wa kuona mabao matatu unaongezeka.

Raundi za mwanzo za Kombe la FA na Kombe la Ligi nazo ni nafuu zaidi. Na usiidharau ligi ya wanawake. Arsenal Wanawake ni mabingwa wa Ulaya wa mwaka 2025, wanacheza uwanja wa Emirates kwenyewe, tiketi zao ni za bei ya chini sana ukilinganisha na za wanaume, na jukwaani kumejaa watoto. Kama una binti anayecheza mpira shuleni, mechi hii iwe ya kwanza kwenye orodha, isiwe ya kujazia.

Ukitaka mechi ya ziada, nenda Fulham. Craven Cottage iko kando ya Mto Thames, unashuka kituo cha Putney Bridge na kutembea kupitia bustani, na jukwaa la Johnny Haynes limesimama tangu 1905 likiwa na viti vya mbao. Lina nguzo pia, kwa hiyo angalia kiti chako kisiwe nyuma ya mojawapo.

Viti vya mashabiki wa ugenini achana navyo. Bei yake ina ukomo wa pauni 30 tangu 2016, ndiyo, lakini vinagawiwa kwa waliohudhuria mechi nyingi. Wewe wa kutoka Mbagala huna hizo pointi.

Hatua ya 3: Jiunge uanachama wa klabu

Kwa klabu kubwa, mtu asiye mwanachama hapati tiketi ya kawaida. Ingia tovuti rasmi ya klabu kipindi cha kiangazi, kabla msimu haujaanza, na ununue uanachama wa mwaka. Mambo matatu ya kuzingatia:

1. Kila mtu anakuwa na uanachama wake, watoto nao wana wa kwao wa bei ndogo. Mwanachama mmoja haimaanishi tiketi nne.
2. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti. Kama kwenye pasipoti ni Mwanahamisi, usiandike Mwana.
3. Ukishamaliza, ziunganishe akaunti zenu. Klabu zina sehemu ya kuongeza familia na marafiki. Usipofanya hivyo, mfumo utawachukulia kama watu wanne wasiojuana, na mtakaa pembe nne za uwanja.

Hatua ya 4: Tafuta tiketi

Ratiba ya msimu hutoka Juni. Usiiamini. Televisheni, hasa Sky Sports na TNT Sports, zina haki ya kuchagua mechi, na mechi ikichaguliwa huweza kuhamishwa kutoka Jumamosi kwenda Ijumaa usiku, Jumapili, hata Jumatatu. Timu ikicheza Ulaya Alhamisi, mechi yake ya ligi karibu kila mara huwa Jumapili. Ikisonga mbele kwenye makombe, mechi ya ligi inaweza kuahirishwa kabisa.

Mechi zinazobaki Jumamosi saa tisa alasiri hazionyeshwi moja kwa moja kwenye televisheni ndani ya Uingereza. Ni kanuni yao ya miaka mingi, kulinda mahudhurio viwanjani. Kwa hiyo muuza chips wa Temeke ataiona mechi ambayo wewe, ukiwa hotelini London, huioni.

Klabu nyingi kubwa siku hizi zinauza kwa droo: unajiandikisha ndani ya siku zilizotajwa, halafu unasubiri jina kutoka. Jiandikisheni kama kundi, mkiomba jukwaa la familia. Msipobahatika, kuna dirisha la pili: mashabiki wasioweza kwenda hurudisha viti vyao kwenye soko rasmi la klabu. Viti hivyo huibuka kimoja kimoja au viwili viwili, hasa siku za mwisho. Familia ya wanne inaweza kukaa wawili wawili, mtu mzima na mtoto.

Njia ya tatu ni vifurushi rasmi vyenye chakula na kiti kizuri. Ni ghali, lakini tarehe ikibadilika una mtu wa kumpigia simu.

Onyo. Kuuza tiketi ya mpira bila idhini ni kosa la jinai Uingereza na Wales tangu sheria ya 1994. Mlanguzi wa mtandaoni akikuuzia, klabu ikigundua inaifuta tiketi, na ninyi mnabaki nje ya geti na jezi zenu. Wale wanaonong'ona njiani karibu na uwanja, "tickets, tickets", wapite kama huwaoni.

Onyo jingine. Nyuma ya magoli, kwa mfano Kop pale Anfield kwa Liverpool au Stretford End pale Old Trafford kwa Manchester United, watu husimama dakika zote 90. Mtoto wa miaka saba ataangalia migongo. Kabla ya kulipa soma jina la jukwaa, si bei tu.

Hatua ya 5: Viza

Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mrundi, Mnyarwanda, Mkongo: wote mnahitaji viza ya mgeni. Maombi hujazwa kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, kisha mnakwenda kituo cha maombi kutoa alama za vidole na picha. Watoto chini ya miaka mitano hawachukuliwi alama za vidole, lakini lazima wafike wapigwe picha. Ada ilipanda mwaka 2025 hadi pauni 127 kwa viza ya hadi miezi sita, na mtoto analipa sawa na mkubwa. Kwa ada hiyo familia ya wanne ilikuwa pauni 508 kabla hujanunua hata soksi, na ukinyimwa hazirudi. Angalia ada ya siku utakayoomba.

Mnaruhusiwa kuomba mapema kuanzia miezi mitatu kabla ya safari. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole. Kwa safari ya Desemba, omba Septemba mwishoni au Oktoba.

Sasa lile swali: viza au tiketi kwanza? Uanachama kwanza, viza pili, tiketi ikija katikati ni sawa. Tiketi ya mpira si sharti la viza. Afisa anataka kuona kwamba mna sababu ya kwenda, mna pesa ya kwenda, na mna sababu ya kurudi. Sababu ya kurudi ndiyo nzito: barua ya mwajiri inayotaja likizo na tarehe ya kurudi kazini, leseni na hesabu za biashara, barua za shule za watoto. Eleza kwa ufupi na ukweli: familia ya watu wanne, siku kumi, mechi hii na ile, tunalala hapa, analipa fulani.

Makosa yanayowaangusha watu:

- Pesa za kumwagwa. Akaunti ilikuwa na laki tatu miezi mitano, ghafla zinaingia milioni 20 wiki moja kabla ya maombi. Kama umeuza kiwanja, weka mkataba wa mauzo. Kama shangazi amechangia, aandike barua na aonyeshe alikozitoa.
- Mtoto na msindikizaji. Kwenye maombi ya mtoto unataja mtu mzima atakayesafiri naye na namba ya pasipoti yake. Ukibadilisha dakika za mwisho, baba akabaki na mtoto akaja na mjomba, mtoto anaweza kuzuiwa.
- Mzazi mmoja. Mama akisafiri na watoto bila baba, achukue barua ya ridhaa ya baba, ikiwezekana hati ya kiapo ya wakili, na nakala ya kitambulisho chake.
- Dalali. Hakuna mtu mwenye "njia" ubalozini. Anayekuandikia kazi usiyokuwa nayo anakutafutia marufuku ya miaka kumi.

Hatua ya 6: Ndege, malazi, treni

Ndege ilipiwe viza ikishatoka. Kenya Airways na British Airways zinaruka Nairobi hadi Heathrow bila kituo. Kutoka Dar utapitia Addis Ababa, Doha, Dubai, Istanbul au Nairobi. Mashabiki wa Manchester na Liverpool, msijipeleke London bila sababu: Ethiopian, Qatar na Emirates zote zinatua Manchester.

Kwa sababu televisheni huhamisha mechi, panga kufika Alhamisi na kuondoka Jumanne au baadaye, na ununue tiketi ya ndege inayobadilika.

London, mtoto chini ya miaka 11 halipi nauli kwenye treni ya chini ya ardhi akiwa na mtu mzima aliyelipa. Mtu mzima mmoja anaweza kuwa na watoto wanne. Mkubwa anagusisha kadi yake ya benki getini, basi. Mkienda miji mingine kwa treni, nunueni Family & Friends Railcard, kadi ya punguzo la treni: inapunguza theluthi moja ya nauli ya watu wazima na asilimia 60 ya watoto wa miaka 5 hadi 15. Safari moja tu London hadi Manchester kwa familia kawaida huirudisha gharama yake.

Kateni na bima ya safari. Hospitali za umma za kule mgeni hulipishwa.

Hatua ya 7: Mizigo

Jezi inavaliwa juu ya sweta. Kwa hiyo nunua saizi moja kubwa zaidi, la sivyo mtoto atakaa uwanjani kajificha ndani ya koti na picha zote zitakuwa za koti. Jezi ya Kariakoo haina tatizo, hakuna anayekagua lebo getini. Ongeza kofia ya sufu, glovu, soksi nzito, na nguo ya ndani ya kubana mwili. Kiti cha uwanjani usiku wa Desemba kinatoa baridi kwa chini. Gazeti la kukalia linasaidia kuliko unavyodhani.

Usibebe nyama, samli wala maziwa ya nyumbani. Na mirungi, au miraa, ni dawa haramu Uingereza tangu Juni 2014. Hata kama ni zawadi ya mjomba, iache.

Hatua ya 8: Siku ya mechi

1. Hakikisheni saa. Mechi ya saa 15:00 kwao ni saa tisa alasiri. Majira ya baridi wako nyuma yetu saa tatu, majira ya joto saa mbili (kwa wa Kigali ni saa mbili na saa moja), na saa zao hubadilika Jumapili ya mwisho ya Oktoba na ya Machi. Babu nyumbani naye apewe saa sahihi, asije akawasha televisheni mpira umeisha.
2. Chajini simu. Tiketi za klabu nyingi ziko ndani ya simu, unaigusisha kwenye mashine ya geti. Picha ya skrini haifanyi kazi. Pakueni tiketi mkiwa hotelini kwenye Wi-Fi, na bebeni pawabenki.
3. Begi liwe dogo, lisizidi karatasi ya A4. Mabegi ya mgongoni yaacheni.
4. Muandikie mtoto namba yako ya simu kwenye mkono kwa kalamu ya wino, ikianza na +255 au +254. Mtume pia apige picha ya namba ya geti na ya jukwaa.
5. Fikeni saa moja na nusu kabla. Watoto wataona wachezaji wakipasha misuli moto, na hapo huwa wako karibu na mashabiki kuliko wakati wa mechi.
6. Bebeni kadi. Vibanda vingi ndani ya viwanja havipokei noti. Wanaokula halali waulize kabla, pai nyingi ni za nyama isiyojulikana. Chips na chai ni salama.
7. Msivae rangi za wapinzani kwenye jukwaa la wenyeji. Kama baba ni Arsenal na mtoto ni Chelsea, siku hiyo mtoto avae koti la kawaida na Chelsea ikifunga bao ashangilie kimoyomoyo. Watu hutolewa nje kwa hili.
8. Matusi yataimbwa. Mwambieni mtoto mapema kwamba si kila wimbo anaouleta nyumbani utapokelewa.

Usafiri: kwa Emirates, mechi ikiisha msikimbilie kituo cha Arsenal na watoto. Foleni hujaa barabara yote ya makazi. Bakini vitini dakika ishirini, kisha tembeeni hadi Finsbury Park au Highbury & Islington. Old Trafford pandeni tramu ya Metrolink. Kituo kinachoitwa Old Trafford kiko jirani na uwanja wa kriketi, wa mpira ni mwendo wa dakika kumi hivi. Anfield haina treni mlangoni. Kuna basi maalum la siku ya mechi kutoka kituo cha Sandhills.

Mambo yakienda mrama

*Mechi imehamishwa na ndege haibadiliki.* Rudisha tiketi kwenye soko rasmi la klabu, au omba kurudishiwa pesa kwa masharti yao. Kisha tafuta mechi nyingine mjini siku mliyopo. London peke yake ina timu nyingi za ligi kuu, na kwa klabu za madaraja ya chini kama QPR au Charlton tiketi hununuliwa bila purukushani.

*Viza imekataliwa.* Kwa kawaida hakuna rufaa kwa viza ya mgeni, lakini unaweza kuomba tena. Soma barua ya kukataliwa mstari kwa mstari na ujibu kila sababu kwa hati mpya. Kuomba tena kesho yake kwa karatasi zile zile ni kuwapa pauni nyingine.

*Mmoja amepata viza, mwingine amenyimwa.* Hutokea. Kaeni kikao cha familia kabla ya maombi, si baada: je, wengine wataenda?

*Tiketi haifunguki getini.* Usibishane na mlinzi. Ofisi ya tiketi iko nje ya uwanja. Nenda na pasipoti na namba ya uanachama. Hii ndiyo sababu nyingine ya kufika mapema.

*Viti vimetengana.* Ombeni msaada kwa wahudumu wenye vizibao vya rangi kali mapema kabla mpira haujaanza. Wakishindwa, mtu mzima mmoja akae na mtoto mdogo na yule mkubwa akae peke yake. Kuomba jirani abadilishane kiti ni sawa, ila asiyekubali ana haki, huenda amekalia kiti hicho tangu hujazaliwa.

*Mtoto kapotea.* Mwambie mhudumu wa karibu palepale, usianze kuzunguka mwenyewe. Mtoto naye afundishwe asitoke nje ya uwanja, amfuate mwenye kizibao.

*Mtoto kalala kipindi cha pili.* Mfunike koti. Bao likiingia ataamka mwenyewe, na lisipoingia hakuna alichokosa.